Sushi ya Kibet na Neno Nililolikosea

Marafiki zangu wa chuoni, na ninyi wa kwaya ambao hamkutaka kuniuliza mbele ya watu, najua mmesikia mengi. Mmoja wenu ameniandikia kwamba Kibet alilishwa nyoka wa baharini. Mwingine ameambiwa kwamba samaki mbichi alimchachia tumboni hadi akapasuliwa. Wa tatu, ambaye ninamheshimu sana, aliandika maneno matatu tu: "Si tulikuonya, Jerop?" Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea. Kilichotokea hakinipi sifa yoyote, na ndiyo maana nimeona afadhali mkisikie kutoka kwangu, kituo kwa kituo, kama tulivyosafiri.

Eldoret mjini

Kwa wale wasiomjua, Kibet ni mdogo wangu. Ana miaka ishirini na anafanya mazoezi katika kambi ya wanariadha huko Kaptagat. Mwaka huu kampuni moja ya Japani ilimwita ajiunge na timu yake ya mbio ndefu, akae huko miaka mitatu. Nyumbani tulifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu akatutembelea kijana mmoja wa kambini aliyewahi kwenda huko akarudi baada ya miezi minne, amekonda kama fito. Alitueleza kwamba usiku wa kwanza walikaribishwa kwa sushi, yaani tonge la wali na kipande cha samaki juu yake, mara nyingi mbichi. Yeye alikificha chake ndani ya leso. Kesho yake akaficha tena. Mwili ulikataa kukimbia, wenyeji wakamrudisha.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa hukumu.

"Kibet atakula hiyo kitu hapa Kenya kwanza. Akila na arudi kwangu mzima, nitambariki aende. Akishindwa, haendi. Siwezi kulea mtoto miaka ishirini ndio afe njaa kwa meza ya watu."

Nanyi mnajua kwamba Kibet hataondoka bila baraka za mama.

Kazi ya kutafuta sushi nilijitwika mwenyewe. Nimesomea lishe, na nimekuwa nikienda kambini kuwafundisha vijana jinsi ya kula. Wazee wetu hawakula samaki. Nyanya yetu hadi leo akimwona omena, yule dagaa wa ziwani, hufunika macho ya wajukuu. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anayeikataa sahani ya jirani bila kuionja yuko hatua chache tu kutoka kumkataa jirani mwenyewe. Mji wetu unazijua hatua hizo. Kwa hiyo niliazimia kwamba Kibet ataonjeshwa sushi iliyo bora, si ya kubahatisha, kwa kuwa mtu akionja kitu kibaya kwanza huogopa hata kilicho kizuri.

Lakini palikuwa na hofu nyingine ambayo sikuwaambia. Mwaka jana Kibet alikwenda pwani kwa mashindano, akala sambusa ufuoni bila kuuliza ndani mna nini. Midomo ilimvimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Daktari wa huko alimtibu kisha akamwandikia kadi ndogo kwa Kiingereza: asile "prawns", viumbe fulani vya baharini, maisha yake yote, kwani safari nyingine huenda koo likafunga kabisa. Mama hakuijua habari ya kadi ile. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na kila nilipoukumbuka mkoba, niliikumbuka.

Tulianza hapa hapa mjini, katika hoteli moja iliyoandika neno sushi kwenye ubao wake. Zikaletwa roli sita za kijani, wali uliozungushiwa majani. Nilikata moja kwa kisu. Ndani ya wali palikuwa na soseji.

"Hii ni sushi?" nilimuuliza mpishi.

"Ni sushi ya Eldoret, madam. Ile majani nyeusi ya bahari hatujaletewa, tukaweka mboga ya sukuma wiki. Lakini sukuma ni ya leo."

"Na samaki?"

"Wacha tu! Hapa ukiwekea mtu samaki mbichi, wewe ndio utakula."

Kibet alizimaliza zote sita, akafuta mdomo. "Dada, mpigie mama. Mwambie niko tayari kwenda Japani."

Nilicheka, nikaona haya kucheka. Ilikuwa wazi kwamba itabidi twende Nairobi.

Langas hadi Timboroa

Tulisafiri na Mzee Karanja. Huyu ni mfanyabiashara wa viazi mwenye ghala Langas, mtu wa kutoka katikati ya nchi aliyehamia huku akiwa kijana, na ambaye mama humwamini kuliko baadhi ya ndugu zetu. Kila wiki hupeleka viazi Nairobi kwa pikapu yake. Tulitoka alfajiri, sisi watatu mbele, magunia nyuma.

"Hii gari yangu imebeba kila kitu," alisema. "Viazi, mbuzi, jeneza. Lakini mtu anaenda kula samaki mbichi, hiyo ni ya kwanza."

"Gari hili," nikasema kabla sijajizuia.

Mzee Karanja akamtazama Kibet. "Sasa huyu dada yako, gari ikikugonga atalia kwanza ama atarekebisha ngeli kwanza?"

"Atarekebisha, Mzee. Halafu alie kwa ufasaha."

Walicheka hadi pikapu ikayumba. Nawaandikia hili kwa sababu ni kweli: nina tabia hiyo. Mtu akisema "mtoto ya nani" au "hii samaki", sikio langu huchomwa kama limeguswa na sindano, nami hurekebisha, kwa mdomo au kimoyomoyo. Nilidhani ni uaminifu kwa lugha. Sikudhani ingekuja kunizuia kusikia.

Kabla ya kufika Timboroa ukungu ulishuka ghafla, mzito, mweupe, hata tusione mwisho wa boneti. Lori lilikuwa limekwama barabarani mbele yetu na magari yakasimama. Tulikaa hapo karibu saa tatu. Baridi ilipenya hadi kwenye meno. Mara kwa mara kiganja kilijitokeza kwenye ukungu na kubisha kioo, kisha uso wa mwanamke ukafuata na beseni la mahindi ya kuchemsha. Kila kiganja kilipobisha, Mzee Karanja alishtuka na kujaribu kitasa cha mlango kama kimefungwa.

"Mzee, ni mahindi tu," Kibet alimwambia.

"Najua ni mahindi." Alifuta ukungu kwenye kioo. "Hapa huwa sipendi kusimama. Miaka mingi imepita, wakati wa ile vita ya kura, wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa. Nilisimamishwa hapa na watu siwajui. Hawakuniuliza jina. Walinisalimia kwa Kikalenjin, wakangoja."

"Ukajibu?"

"Nilikuwa najua neno moja tu, ile ya kujibu salamu, nilifunzwa na baba yenu tukipakia viazi. Nikajibu. Nikasema vile alikuwa anasema, hata na kale kacheko kake. Wakaniacha."

"Na ungekosea?"

Aliteremsha kioo kidogo, akanunua mahindi matatu, akafunga tena.

Nilikula yangu bila kuhisi ladha. Nilitaka kusema jambo la maana kuhusu nchi yetu, maneno niliyowahi kuyaandika katika insha. Kibet aliuliza taratibu, kana kwamba hakunielekezea mimi, "Dada, kadi umeibeba?"

"Nimeibeba."

"Lakini usinitangaze huko kama mgonjwa. Wakisikia mkimbiaji ana shida ya pumzi, maneno yatafika hadi Japani."

Nikamwahidi.

Nakuru

Tulipofika Nakuru jua lilikuwa limewaka na hofu ya ukungu ikaonekana ya kitoto. Tuliagiza chai na mandazi. Kibet hakugusa chochote, akasema anataka kumwachia yule samaki tumbo zima asije akapata wa kugombana naye. Mzee Karanja alikula mandazi ya watu wawili, akanishauri nimwombee huyo samaki pia. Tukaendelea.

Nairobi, mkahawa wa kwanza

Nilikuwa nimeandika majina mawili katika daftari. La pili nililitia nyota kwa kuwa kila niliyemuuliza aliusifu mkahawa huo kuwa bora mjini. Mzee Karanja alishusha viazi sokoni, akatupeleka kwenye wa kwanza, akakataa kuingia.

"Mimi nitangoja nje na githeri yangu, mahindi na maharagwe. Yangu imeiva."

Ndani mlikuwa na ubaridi na ukimya kama wa maktaba. Mhudumu alitusemesha Kiingereza, nasi tukajibu hivyo hivyo. Nilimpa kadi mkononi. Aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akairudisha, akaenda kuisema jikoni. Jambo lilichukua muda mfupi kuliko kuagiza soda. Nawaomba mlikumbuke.

Sahani ilipokuja, Kibet alifumba macho akaomba. Aliwaombea wavuvi, wapishi, mama, kocha, na magoti yake. Mhudumu alisimama na chupa ya maji mkononi hadi amina.

"Samaki huyu mwenyewe amekufa akingoja," nilimnong'oneza.

"Alikufa zamani, dada. Hiyo ndiyo shida."

Alikishika kile kipande cha rangi ya chungwa kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna huku ameshika ukingo wa meza. Nilimtazama kooni. Nilihesabu pumzi zake, za kuingia na za kutoka, kama nilivyofundishwa kuhesabu za mtoto mgonjwa. Alimeza.

"Ni kama kumeza ulimi wa mtu," alisema. Akafikiri. "Mtu mwenye adabu, lakini."

Akala cha pili. Akala vyote. Tulikaa nusu saa nikimtazama midomo, na haikubadilika. Masharti ya mama yalikuwa yametimia. Tungeweza kugeuza pikapu wakati ule na kufika nyumbani na habari njema tupu. Lakini katika daftari langu palikuwa na jina lenye nyota. Niliona kwamba tumeonja kizuri na bado hatujaonja kilicho bora, na mimi sikuwa nimekuja Nairobi kutafuta kizuri. Kibet alisema ameshiba. Nikamwambia mkimbiaji hasimami mbele ya utepe.

Nairobi, mkahawa wa pili

Mkahawa huu ulikuwa mdogo, meza chache, na mpishi alifanya kazi mbele ya wageni. Alikuwa mtu wa makamo kutoka pwani aitwaye Bakari. Alitutazama tulivyosimama mlangoni, koti la Kibet bado lina matope ya Timboroa, akafuta mikono.

"Karibuni, wageni wangu. Piteni mketi, mmechoka nyie. Watoka mbali?"

Ndugu zangu, sijui kama mtanielewa. Tangu asubuhi nilikuwa nimechubuliwa sikio na "hii gari" na "ile majani", kisha nikasemeshwa Kiingereza kama mgeni katika nchi yangu. Na sasa mtu ananikaribisha kwa Kiswahili kitamu namna ile, mbele ya sahani ya Kijapani! Nilihisi kwamba hapa ndipo mahali nilipokuwa nikipatafuta. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, vidole vimeigusa kadi. Nikaona aibu kumpa mtu huyu karatasi ya Kiingereza. Nikautoa mkono mtupu.

Nilitafuta neno. Shuleni tulijifunza orodha ya viumbe vya baharini, na katika orodha ile nililikumbuka moja: uduvi.

"Ndugu yangu hali uduvi," nilisema. Sikueleza kwa nini. Nilikuwa nimemwahidi Kibet sitamtangaza.

Bakari alicheka kwa wema. "Uduvi? Uduvi twala nyumbani, dadangu, twauanika ukakauka, twaupika na nazi. Hapa mkahawani hauingii. Ondoa shaka."

Niliondoa shaka. Nilifurahi hata nikamtazama Kibet kwa fahari, kana kwamba nimefungua mlango kwa ufunguo wa babu.

Sahani ilipokuja, Bakari mwenyewe alitutajia kila kipande kwa ncha ya kijiti. "Huyu jodari. Huyu nguru. Na hawa hapa ni kamba, wakubwa, wameingia leo asubuhi kutoka Mombasa."

Nilitazama alipoonyesha. Palikuwa na matonge mawili ya wali, kila moja limelaliwa na kipande cheupe chenye michirizi ya waridi, na kila moja limefungwa katikati kwa utepe mwembamba mweusi wa mwani. Kumbe ndiyo kamba, nikajiambia. Kamba ya mwani, lazima itoke baharini. Na alipotamka "kamba wakubwa", nilitabasamu moyoni: hata mtu wa pwani hukosea ngeli. Ilitakiwa aseme kamba kubwa.

"Na kamba nazo zinaliwa?" nilimuuliza, nikitilia mkazo ule upatanisho wangu, ili asahihike bila kuaibika.

"Waliwa, dadangu, waliwa! Kwani wataka kuwatazama tu?"

Kibet alinitazama. Alikuwa akiningoja mimi. Sisi tuliozaliwa milimani tunaijua kamba moja tu, ile ya kumfungia ndama.

"Kula," nikamwambia. "Hata kamba yake inaliwa."

Akala yote mawili.

Kutoka mezani hadi zahanati

Alikuwa amefika kwenye jodari alipoweka kijiti chini, akajipapasa mdomo.

"Dada, nitazame. Mdomo umekuwa mkubwa?"

Nilimtazama, nami nikajua. Sauti yake ilikuwa imenenepa. Mabaka mekundu yalikuwa yakimpanda shingoni. Nikasema ni joto, anywe maji. Nilisema hivyo huku nikijua, na hilo ndilo linalonifuata hadi leo kitandani: kwamba kwa muda wa pumzi tatu au nne nilitetea nilichokiamini badala ya kumtetea Kibet.

Kisha mluzi ukaanza.

Ninyi mmemwona akipanda mlima wa Kaptagat bila kufungua mdomo. Mapafu yale, yaliyokuzwa na hewa nyembamba, yalikuwa yakivuta kwa nguvu zote naye amekaa kitini, na hewa haiingii. Macho yake hayakuondoka kwangu. Hayakuwa na lawama. Yalikuwa yakiuliza tu, kama mtoto anavyomuuliza mkubwa, tufanye nini sasa.

Bakari aliruka meza. Hakuuliza jambo. Alimshika Kibet kwapani, nami upande wa pili, tukatoka. Mzee Karanja alimwaga githeri barabarani, akawasha gari. Tulikwenda kiasi cha nyumba tano, tukakuta magari yamefungana, hayaendi mbele wala nyuma.

"Zahanati iko wapi?" Mzee Karanja alipiga kelele.

"Pale penye mti wa jakaranda!" Bakari akajibu.

"Basi shukeni! Kimbieni! Hii gari wacha ikae!"

Bakari alimbeba Kibet mgongoni kama gunia, aproni yake nyeupe ikipepea, akakimbia katikati ya magari. Mimi nilikimbia nyuma nikiisikia ile pumzi. Ilikuwa ikifupika. Nilikuwa nikiomba, na katika maombi yangu, Mungu anisamehe, niliona uso wa mama kabla ya kuuona wa Kibet.

Muuguzi alimlaza mara moja. "Amekula nini?"

"Samaki," nilisema. "Samaki mbichi." Nililisema kama mtu anayetia saini kushindwa kwake. Basi wazee walikuwa na haki. Basi nyanya alikuwa na haki.

"Samaki gani?"

"Jodari. Nguru. Wali. Na majani ya baharini."

"Na kamba," Bakari alisema nyuma yangu, akitweta. "Kamba wawili."

Wawili. Hakusema mbili. Nilisikia upatanisho ule kwa mara ya kwanza. Kamba wakubwa, wameingia, waliwa, wawili. Hakuwa amekosea hata mara moja. Mwenye kukosea ngeli nilikuwa mimi. Mtu hahesabu kamba ya kufungia kwa ngeli ya viumbe.

"Kamba ni prawns?" muuguzi aliuliza, sindano ikiwa tayari mkononi.

"Ndiyo, nesi, hao."

Nilitoa kadi mkobani nikampa. Hakuitazama. Alimdunga Kibet pajani, akamvalisha kifaa cha hewa usoni.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Nilisimama ukutani nikisikiliza ule mluzi, nikiogopa uendelee na nikiogopa zaidi ukome. Ukashuka. Ukawa mkwaruzo. Halafu Kibet akakohoa, akavuta pumzi ndefu, mbaya, yenye makamasi, pumzi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Bakari aliteremka taratibu hadi akakaa sakafuni. "Ewe Mola. Mwanangu, si ungesema? Si dada ungesema?"

"Nilisema uduvi."

"Uduvi ni ule mdogo wa kuanika, si kamba, dadangu! Ungalisema wamdhuru, ningalikuuliza kila kitu chenye gamba." Alifunika uso kwa aproni. "Mkono uliomlisha ni wangu."

"Aliyemwambia ale ni mimi," nikamjibu.

Daktari aliamuru Kibet alale pale hadi asubuhi. Kabla ya kuondoka, Bakari aliinama karibu na kitanda. "Waenda Japani, nasikia. Basi lishike hili. Kwao kamba ni ebi. Ni neno la kwanza nililofundishwa na aliyenipa kazi hii. Ebi."

"Ebi," Kibet akasema kwa sauti iliyochanika.

"Na ukilitaja, shika koo lako, hivi. Mtu asiyejua lugha yako ataielewa hiyo."

Kurudi

Tulirudi kesho yake mchana. Mzee Karanja hakuwasha redio. Kibet alikaa dirishani, uso ungali umevimba chini ya macho. Baada ya Nakuru akasema:

"Nimewaza. Mama alisema nile na nirudi mzima. Nimekula. Nimerudi. Niko mzima. Ni uongo gani hapo?"

"Kibet."

"Nauliza tu. Hebu nionyeshe uongo uko kwa sentensi gani, mwalimu."

Haukuwa katika sentensi yoyote, na hilo lilinitisha. Nikimwambia mama ukweli, hatampa baraka, na miaka yote aliyokimbia gizani itakuwa imepotea kwa neno langu moja. Nisipomwambia, Kibet ataondoka, na hakuna mtu nyumbani atakayejua cha kuogopa kwa niaba yake.

"Mzee, unasemaje?" Kibet aliuliza.

"Mimi ni wa viazi," alisema Mzee Karanja, macho barabarani. Tulikuwa tukipanda Timboroa. "Lakini baba yenu angenificha ile salamu, singekuwa naendesha hii gari."

Kibet aligeukia dirisha. Sikumrekebisha mtu ngeli hadi nyumbani.

Nyumbani

Tulimkuta mama zizini, jioni, akikamua. Aliutazama uso wa Kibet mara moja tu. Aliinuka, akamfungia ndama pembeni, akarudi kwenye ndoo. Sikumngoja aulize. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: sambusa ya pwani, kadi tuliyomficha, mkahawa wa kwanza, kosa langu la kutogeuka pale, neno nililochagua kwa majivuno na neno nililolisikia vibaya. Nilimwambia samaki mbichi hakuwa na hatia. Sikujitetea.

Maziwa yalikuwa yamekoma kulia ndooni. Mama aliuinua ule mwisho wa kamba ya ndama.

"Ulidhani ni hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi ningedhani ni hii." Aliuachilia uanguke. Alimtazama Kibet muda mrefu, shingoni, mahali mabaka yalipokuwa. "Na huko anakoenda, wanaitaje hicho kidudu?"

Nilisikia. Alisema anakoenda, hakusema alikotaka kwenda. Kibet naye alisikia, akamsogelea.

"Ebi," alisema.

"Epi."

"Ebi, mama. Na unashika koo."

"Ebi." Mama alishika koo lake kwa mkono wenye maziwa. "Mara ngapi wanakula huko kwa siku?"

"Mara tatu. Mkimbiaji, pengine nne."

"Kwa miaka mitatu."

"Ndiyo."

Nilimwona akijaribu kuihesabu hesabu hiyo, sahani baada ya sahani, kila moja mezani mwa watu asiowajua, katika lugha asiyoisikia, na mwanawe peke yake mbele yake. Aliiacha katikati. Alivuta kigoda karibu na ng'ombe, akaketi, lakini mikono yake haikuanza kazi.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Nataka nikikupigia simu nikuulize vile wao wanasema."